Amy Johnson: Manzi wa spana aliyepaa peke yake hadi Australia na propela ya spea ubavuni

Ukitaja marubani wa zamani, picha inayokuja kwa akili ni ya miwani mikubwa, skafu shingoni na tabasamu ya kamera. Amy Johnson ako na hizo picha kibao. Lakini kama unataka kuelewa venye dem wa miaka 26, mwenye hakuwa amewahi kuendesha ndege hata nje ya Uingereza, alitoka London peke yake mwaka wa 1930 akafika Australia, achana na picha kwanza. Uliza kuhusu mikono yake. Hio mikono ilikuwa na oili kwa kucha.

Kabla awe staa, Amy alikuwa makanika. Alikuwa mwanamke wa kwanza Uingereza kupata leseni ya fundi wa kukagua injini za ndege, na hio karatasi ilimsaidia njiani kuliko karibu kila kitu kingine alichobeba.

Digrii iko, kazi ya maana hakuna

Amy alizaliwa tarehe 1 Julai 1903 huko Hull, mji wa bandari upande wa kaskazini mashariki mwa Uingereza. Buda yake, John William Johnson, alikuwa kwa biashara ya samaki, na nyumbani hakukuwa na msoto. Walikuwa wasichana wanne na Amy ndiye kifungua mimba. Shuleni alikuwa yule dem wa kucheza kriketi, mpaka siku moja mpira ukamgonga mdomoni ukamharibu meno ya mbele.

Alienda Chuo Kikuu cha Sheffield akasomea uchumi, akamaliza mwaka wa 1925. Kutoka hapo stori yake inafanana na ya wasee wengi wa Nairobi: digrii iko kwa bahasha, lakini kazi ya kuitumia haionekani. Akajifunza kupiga taipu, akajaribu kazi ndogo ndogo, mwishowe akahamia London akawa sekretari kwa ofisi ya mawakili. Mapenzi nayo hayakumhurumia. Mwanaume Mswisi aliyempenda kwa miaka mingi alioa mwingine mwaka wa 1928.

Mwaka huo huo ndio akaanza kwenda Stag Lane, uwanja mdogo wa ndege pale nje kidogo ya London. Kampuni ya de Havilland ilikuwa inaunda ndege zake hapo, na kulikuwa na klabu iliyoitwa London Aeroplane Club, iliyosaidiwa na pesa za serikali ndio raia wa kawaida waweze kujifunza kuruka bila kuuza shamba. Septemba 1928 Amy akaanza masomo.

Hapa usidhani alikuwa na kipaji cha kutisha. Ilimchukua karibu saa 16 za kufunzwa ndio aruhusiwe kupaa peke yake, Juni 1929, na wengi walikuwa wanahitaji saa chache kuliko hizo. Kutua ndio kulimsumbua zaidi, na kungemsumbua miaka mingi. Mwezi uliofuata akapata leseni ya urubani. Kama stori ingeishia hapo, angekuwa tu mmoja wa matajiri na wafanyakazi wa ofisi waliokuwa wanapaa wikendi kujiburudisha.

Spana boi anayeitwa Johnnie

Kitu kilichomtofautisha ni kwamba ndege ikishatua, yeye hakuenda kunywa chai na wenzake. Alifuata ndege mpaka ndani ya hanga.

Fundi mkuu wa klabu alikuwa Jack Humphreys. Siku hizo hanga ilikuwa dunia ya wanaume na kila mtu alijua hivyo. Mwanamke kuingia na kuomba ashike spana ilikuwa kitu ya kuchekesha. Humphreys alikubali kumfunza. Amy akaanza vile spana boi yeyote huanza pale Grogan ama Gikomba: kufagia, kuosha vyuma vyenye grisi, kushikia wengine taa, kupeana spana ya saizi inayoitwa. Alifika kabla ya kazi ya ofisi, akarudi jioni baada ya kazi. Mafundi wakamzoea mpaka wakampa jina la kiume, Johnnie.

Mwishowe akaacha taipu kabisa. Fikiria hio hesabu: mtu ako na digrii, ako na kazi safi ya ofisi, anaacha mshahara ndio akapakwe oili kwa ovaroli. Desemba 1929 akapita mtihani wa leseni ya ufundi, daraja C, ile inayohusu injini. Hakuna mwanamke mwingine Uingereza aliyekuwa ameipata.

Hio leseni haikuwa cheti ya kutundika kwa ukuta. Mwenye kuwa nayo ndiye anakagua injini kabla ndege ipae, na anaweka sahihi kwamba iko sawa. Gari ikizima kwa barabara unasukuma kando, unapigia mtu simu. Injini moja ikizima juu ya bahari, hakuna kando. Sahihi ya fundi ndiyo inasimama katikati ya rubani na maji.

Ndani ya injini ya Gipsy

Ndege ya Amy ingekuwa Gipsy Moth, na injini yake Gipsy, kwa hivyo tuifungue kidogo ndio uelewe kazi aliyokuwa nayo.

Ilikuwa na silinda nne zimesimama kwa laini moja, na hakuna rejeta. Upepo wa propela na mwendo wa ndege ndio ulipooza injini. Nguvu yake ilikuwa ya farasi kama 100, karibu sawa na Probox ya siku hizi, lakini injini yenyewe ilikuwa kubwa, zaidi ya lita 5. Kila silinda ilikuwa na plagi mbili, na umeme wa plagi ulitoka kwa magneto mbili tofauti, ndio moja ikifa nyingine iendelee. Ndio maana rubani kabla ya kupaa anazima magneto moja, anaskiza, anaiwasha, halafu anazima ya pili. Mzunguko ukishuka sana kwa upande mmoja, kuna shida na hupai.

Oili ilikuwa inapenya kidogo kidogo kupita pistoni, inachomeka, inaacha masizi kwa plagi. Plagi ikijaa masizi haitoi cheche vizuri, injini inaanza kukohoa. Dawa ni kuzitoa zote nane, kuzisafisha, kupima mwanya na kuzirudisha. Halafu kuna valvu. Kadiri vyuma vinavyogongana, nafasi ya tapeti inabadilika. Ikibana sana, valvu haifungi vizuri na inaungua. Ikilegea sana, injini inapoteza nguvu. Fundi anapitisha fila geji kila mahali, anakaza ama analegeza.

Oili chafu inamwagwa ikiwa bado moto, filta inaoshwa, na fundi mwerevu anaangalia kwa uchafu huo kama kuna vipande vinavyong'aa. Ukiona chuma kwa oili, kuna kitu kinajila huko ndani. Petroli nayo ilichujwa kupitia ngozi laini wakati wa kujaza, juu tone la maji ama chembe ya mchanga inatosha kuziba jeti ya kabureta.

Halafu propela. Ya Moth ilikuwa ya mbao, tabaka nyingi zimegundishwa pamoja na kuchongwa. Mbao inavuta unyevu inavimba, inakauka inanywea. Ukitoka mahali pa baridi uingie jangwani, bolti zinazoishika pale katikati zinaweza kulegea bila mtu kuzigusa, kwa hivyo lazima zikaguliwe. Unapitisha kidole kwa ukingo wa kila panga kutafuta ufa ama jeraha la jiwe. Unazungusha kwa mkono uone kama mapanga yote mawili yanapita mahali pamoja. Moja ikiwa nje hata kidogo, ndege nzima inatetemeka, na mtetemeko ndio unalegeza kila nati iliyobaki.

Na hakukuwa na stata. Mtu alishika propela kwa mkono na kuivuta kwa nguvu, halafu akaruka nyuma haraka. Ukizubaa, umeisha.

Jason, ndege ya mtumba

Mwanzoni mwa 1930 Amy alikuwa ameamua: anaenda Australia peke yake. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo. Mwanaume mmoja, Bert Hinkler wa Australia, alikuwa amefanya mwaka wa 1928 kwa siku 15 na nusu, na hio ndio rekodi Amy aliitaka.

Chapaa ndio ilikuwa shida. Aliandikia watu barua nyingi, na milango mingi ikafungwa. Mkuu wa usafiri wa anga wa kiraia, Sir Sefton Brancker, ndiye alimfungulia njia kwa Lord Wakefield, tajiri wa oili za Castrol. Wakefield akatoa nusu ya bei ya ndege, buda ya Amy akatoa nusu nyingine. Kwa jumla ilikuwa pauni 600, na hio pesa ilinunua Gipsy Moth ya mtumba yenye tangi za ziada za petroli. Amy akaipatia jina Jason, ambalo lilikuwa alama ya biashara ya samaki ya familia.

Alikuwa na saa kama 90 hivi za kuruka maishani mwake. Safari yake ndefu zaidi ilikuwa London hadi Hull, kama kilomita 240. Sasa alikuwa anatafuta kilomita karibu 18,000. Hakuwa na redio. Kiti kilikuwa wazi, mvua na jua vyote vyake. Alibeba ramani, bastola, dawa, tulzi, spea ndogo ndogo. Na nje ya ndege, imefungwa ubavuni, propela nzima ya ziada.

Hio propela ilikuwa mzigo. Ilipunguza kasi na ilionekana ajabu. Lakini Amy alifikiria kama fundi. Kati ya vitu vyote vinavyoweza kuvunjika ukitua vibaya, propela ndiyo inatangulia pua kugonga chini, na ndiyo kitu ambacho huwezi kuchonga usiku mmoja kwa kijiji usichokijua. Na kumbuka alijijua: kutua hakukuwa mchezo wake.

Mchana rubani, usiku makanika

Tarehe 5 Mei 1930 akaondoka Croydon, kusini mwa London. Walioenda kumwaga walikuwa wachache, buda yake akiwa mmoja wao. Magazeti hayakujali sana.

Ratiba yake ilikuwa ya kuua mtu. Alirauka alfajiri, akapaa mchana wote, akipampu petroli kwa mkono kutoka tangi za ziada huku harufu ikimchafua roho. Akitua, ndio siku ya pili ilianza. Ovaroli, plagi nje, oili nje, filta, tapeti, bolti za propela. Saa nyingi za usiku ziliishia kwa injini na zilizobaki kwa usingizi zilikuwa chache, wakati mwingine tatu tu. Siku hizi ndege ndogo nyingi hufanyiwa servisi kubwa kila zikifikisha saa 100 za kuruka. Kwa kasi ya Jason, kama kilomita 135 kwa saa, safari nzima ilipita hizo saa 100, na yote iliingia kwa wiki tatu.

Vienna, Istanbul, Aleppo. Kati ya Aleppo na Baghdad dhoruba ya mchanga ikamkamata hewani, ikaangusha ndege kama jani. Akatua jangwani bila kuona vizuri, akazima injini, akaweka mizigo kwa magurudumu ndio ndege isipeperushwe, akafunika injini mchanga usiingie, akakaa hapo na bastola mpaka upepo ukatulia. Angalia alichokilinda kwanza. Mchanga ukiingia kwa kabureta na silinda, hata anga ikitulia huendi popote.

Tarehe 10 Mei akafika Karachi, siku mbili mbele ya muda wa Hinkler. Hapo ndio dunia ikashtuka. Yule sekretari ambaye hakuna mtu alimjali alikuwa anampiga mwanaume mwenye rekodi, na magazeti ya London yakaanza kumtafuta kama moto.

Halafu shida zikajipanga. Huko Jhansi, India, petroli ilikuwa inaisha, akatua kwa uwanja wa gwaride wa jeshi na bawa likaumia. Fundi seremala na wanajeshi wakasaidia kulirekebisha, akaendelea.

Siku propela ilivunjika

Tarehe 13 Mei, mvua kubwa ilikuwa inanyesha Burma, nchi inayoitwa Myanmar siku hizi. Amy alikuwa anatafuta uwanja wa mbio za farasi wa Rangoon, ambapo alipaswa kutua. Kwa hio mvua akaona uwanja, akaamini ndio wenyewe, akashuka. Kumbe ulikuwa uwanja wa michezo wa chuo cha ufundi cha serikali huko Insein, kando kidogo ya mji. Uwanja ulikuwa mfupi. Jason ikapita mwisho wake ikaingia kwa mtaro.

Propela ilivunjika. Magurudumu yakaharibika. Bawa likapasuka vibaya. Kwa rekodi, hapo mambo yaliisha, na Amy alilia.

Lakini angalia bahati ndani ya mkosi: alikuwa ameangukia chuo cha ufundi. Walimu na wanafunzi wakakusanyika. Mbao za bawa zikachongwa upya kwa karakana yao. Kitambaa cha kufunika bawa hakikuwepo, mpaka mtu akakumbuka kuna mashati yaliyokuwa yameshonwa kwa kitambaa cha ndege kilichobaki baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Yakafumuliwa, yakashonwa kwa bawa. Ile rangi maalum inayokaza kitambaa ikatengenezwa na mwenye duka la dawa. Yote kwa siku kama tatu.

Na propela je? Hio hakuna karakana ya Insein ingeitengeneza kwa siku tatu. Propela mpya kutoka Uingereza ingekuja na meli, wiki nyingi. Amy alifungua kamba ubavuni mwa Jason, akaitoa ile ya spea iliyokuwa imesafiri pale kutoka London, ikafungwa mahali pake. Mzigo uliopunguza kasi yake kwa maelfu ya kilomita sasa ulikuwa tofauti kati ya kuendelea na kurudi nyumbani kwa meli.

Tarehe 16 Mei akapaa tena.

Bahari ya mwisho

Java, akaishiwa mchana akatua kwa shamba la miwa huko Tjomal, na vijiti vya mianzi vilivyokuwa vimesimamishwa ardhini vikatoboa mabawa. Akaziba mashimo kwa plasta, ile ya vidonda. Timor, akatua mbali na mahali alipotarajiwa, na usiku huo dunia nzima iliamini amepotea.

Kipande cha mwisho kilikuwa Bahari ya Timor, kilomita kama 800 za maji, injini moja, mtu mmoja. Saa hizo zote hakuna spana ingemsaidia. Kilichomshikilia hewani ni kazi iliyokuwa imefanywa chini, usiku kwa usiku, tangu Croydon. Tarehe 24 Mei 1930 akatua Darwin. Siku 19 na nusu. Hakumpiga Hinkler, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia.

Siku chache baadaye, huko Brisbane, alipitisha uwanja akitua mbele ya umati na Jason ikapinduka. Alitoka mzima. Injini ilikuwa sawa, shida ilikuwa ile ile ya zamani.

Umaarufu ulimjia kama mafuriko. Mfalme George wa Tano akampa nishani ya CBE, gazeti la Daily Mail likampa pauni 10,000, wimbo ukatungwa kwa jina lake, na aliporudi London watu walijaa barabarani kumwona.

Mafuta ya basi

Mwaka wa 1931 alipaa hadi Tokyo, na aliyekaa naye ndani ya ndege alikuwa Jack Humphreys, fundi aliyemfunza spana. Walifika salama na kwa rekodi.

Mwaka wa 1932 akaolewa na Jim Mollison, rubani Mskoti, staa kama yeye na mpenda chupa. Miezi michache baadaye Amy akapaa peke yake hadi Cape Town kwa siku 4 na saa karibu 7, akavunja rekodi ya bwanake mwenyewe. Mwaka wa 1933 wakavuka Atlantiki pamoja, petroli ikaisha karibu na New York, wakaanguka Bridgeport, wakaumia wote wawili.

Halafu Oktoba 1934 ikaja mbio kubwa ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne. Amy na Jim walikuwa na de Havilland Comet, ndege nyeusi ya injini mbili iliyoitwa Black Magic. Injini zake zilikuwa za familia ile ile ya Gipsy, lakini zimechongwa kwa mbio, zinabana hewa kwa nguvu zaidi na zinadai petroli ya daraja la juu. Hata propela zake zilikuwa za ajabu: pembe ya mapanga ilipangwa kabla ya kupaa kwa pampu ya baiskeli, na ikishabadilika hewani, haikurudi mpaka utue.

Walianza kwa moto, wakafika Karachi kwa rekodi. Kisha India wakapotea njia, wakatua Jabalpur, na petroli ya daraja la juu haikuwepo. Kilichokuwepo ni mafuta ya kampuni ya mabasi. Wakajaza hayo. Injini ya mbio ukiipa mafuta hafifu, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, joto linapanda, pistoni inaungua. Walijikokota mpaka Allahabad na hapo safari ikaisha.

Mbio ilishindwa na Comet nyingine kama hio, ya Charles Scott na Tom Campbell Black. Huyu Campbell Black anajulikana Nairobi: alikuwa rubani mkuu wa Wilson Airways, kampuni aliyoianzisha na Florence Wilson mwaka wa 1929, na jina lake la Wilson ndilo uwanja wetu unalo mpaka leo. Alikuwa amezoea kuruka mahali ambapo ukikosa kupanga mafuta na spea mapema, unalala porini.

Miaka hio hio Amy alichaguliwa kuwa rais wa Women's Engineering Society, chama cha wahandisi wanawake Uingereza. Mwaka wa 1936 akairudisha rekodi ya Cape Town mikononi mwake, siku 3 na saa 6 hivi. Ndoa ikavunjika kabisa mwaka wa 1938.

Januari ya 1941

Vita vya Pili vilipoanza, Amy alijiunga na Air Transport Auxiliary, kikosi cha marubani raia waliokuwa wanapeleka ndege kutoka viwandani na karakana hadi kwa jeshi. Kazi haikuwa na sifa. Unachukua ndege, unaipeleka, unarudi kwa treni, unachukua nyingine. Mara nyingi bila redio.

Tarehe 5 Januari 1941 aliondoka Blackpool na ndege aina ya Airspeed Oxford, akiipeleka Kidlington karibu na Oxford. Anga ilikuwa mbaya. Safari ya kama saa moja iligeuka masaa mengi juu ya mawingu, na mwishowe ndege ikaanguka kwa mdomo wa mto Thames, mbali sana na alipokuwa anaenda. Meli ya HMS Haslemere ikajaribu kumfikia. Kamanda wake, Walter Fletcher, akajitupa kwa maji baridi kuokoa, na yeye pia akafa kwa hio baridi. Mwili wa Amy haukuwahi kupatikana. Alikuwa na miaka 37.

Kwa nini stori yake bado inauma

Jason bado iko. Imetundikwa ndani ya Science Museum huko London, ndogo kuliko venye watu hutarajia, mbao na kitambaa tu.

Amy hakuwa rubani bora wa wakati wake, na kutua kwake kulimvunjia ndege mara kadhaa. Alifika kwa sababu alijua kitu kinaweza kuvunjika, akajifunza kukirekebisha, na akabeba spea ya kile hangeweza kukirekebisha. Na palipomshinda, alipata mafundi wa Insein na Jhansi, watu ambao majina yao hayakuimbwa kwa wimbo wowote.

Ukiwa Lang'ata uskie ndege ndogo inashuka kuelekea Wilson, kumbuka kuna mtu ametoa plagi, amepitisha kidole kwa propela akitafuta ufa, ameandika jina lake kwa karatasi. Siku hizi huyo mtu anaweza kuwa msichana kwa ovaroli na hakuna mtu anageuka kumwangalia mara mbili. Mwaka wa 1929 alikuwa mmoja tu, na walilazimika kumwita Johnnie.